Mwaka 1908 ulijulikanaje bila sampuli ya 1908? Swali kuhusu kazi ya kusoma jenomu za vimelea

Binti_Rungwe aliuliza:

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za leo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa shahada ya bayolojia. Wiki iliyopita mhadhiri wetu alitaja kwa haraka kwamba lile kundi la virusi vya UKIMWI lililoenea duniani kote lilianza kusambaa miongoni mwa binadamu karibu na mwaka 1908, kisha akasonga mbele kana kwamba ametaja tarehe ya kuzinduliwa kwa daraja. Mwenzangu mmoja aliuliza ni nani aliyepimwa mwaka huo, darasa likacheka, na kipindi kikaisha kabla hajajibiwa.

Nilipokwenda kujisomea nimekutana tena na tena na jina la Michael Worobey, mwanabayolojia mzaliwa wa Kanada anayefanya kazi Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, ambaye maisha yake yote ya kisayansi ameyatumia kufuatilia vimelea vilitoka wapi na vilibadilikaje. Ninavutiwa na kazi ya namna hiyo na ningependa kuifanya, lakini siielewi vizuri. Je, mwaka kama huo unapatikanaje ilhali sampuli ya kale kuliko zote za VVU zinazojulikana ni ya 1959? Na mtu anayefanya kazi hii hushinda mbele ya kompyuta, au maabara, au porini? Mjomba wangu, ambaye ni tabibu, anasema ni hesabu za watu waliokosa wagonjwa wa kutibu. Nimeshindwa kumjibu.

Pwani_Takwimu alijibu:

Marahaba, dada. Mimi nachambua mfuatano wa vinasaba vya vimelea katika maabara moja ya mwambao, kwa hiyo nitajibu sehemu ya hesabu na kuwaachia wengine sehemu ya matope.

Fikiria utenzi mrefu uliokuwa ukinakiliwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, kutoka nyumba moja hadi nyingine. Mnakili wa kwanza anakosea neno katika ubeti wa arobaini. Kila atakayenakili kutoka kwake atalirithi kosa hilo na kuongeza ya kwake mawili matatu. Ukikusanya nakala kumi miaka mingi baadaye, wala hukuwahi kuiona ile ya awali, bado unaweza kusema zipi zilitoka mkono mmoja, kwa sababu zinashiriki makosa yaleyale. Tena, kama baadhi ya nakala zimeandikwa tarehe pembeni, unaweza kupima makosa yanaongezeka kwa kasi gani, na ukishaijua kasi, unarudi nyuma hadi pale ambapo makosa yote yanafutika na nakala zote zinakutana. Hiyo ndiyo saa ya kimolekuli.

Jenomu ya VVU, yaani vinasaba vyake vyote kwa pamoja, ina herufi karibu 9,700, na hukosewa kwa kasi ya ajabu, yaani herufi chache katika kila elfu kwa kila mwaka. Kwa muda mrefu nakala ya zamani yenye tarehe ilikuwa moja tu, ile inayoitwa ZR59, iliyotokana na damu ya mwaka 1959 iliyochukuliwa Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Nakala moja haitoshi. Mwaka 2008 Worobey na wenzake walichapisha mfuatano wa pili, DRC60, kutoka kwenye kipande cha tezi ya limfu ya mwanamke, kilichokatwa katika mji uleule mwaka 1960.

Sasa tazama kilichowashangaza. Sampuli hizo mbili zinatoka mji mmoja na zimepishana mwaka mmoja tu. Kama kirusi kingekuwa kigeni kimeingia juzi, zingelingana kama pacha. Lakini zilitofautiana sana, tofauti ambayo kwa kasi inayojulikana inahitaji miongo kadhaa kujilimbikiza. Maana yake ni kwamba kufikia 1960 kirusi kilikuwa kimekwisha kugawanyika matawi ndani ya watu wa Kinshasa, na shina la matawi hayo hesabu ililiweka karibu na 1908. Kwa hiyo mwenzako wa darasani ana haki: mwaka 1908 hakuna aliyepimwa. Waliopimwa ni wajukuu, na wajukuu wakaonyesha babu aliishi lini.

Jambo ambalo mhadhiri wako aliliruka, nalo ni kubwa, ni kwamba makala ile haikusema "1908" peke yake. Ilisema kati ya 1884 na 1924. Mwaka wa katikati ndio uliobebwa na magazeti.

Mzee_wa_Darubini alijibu:

Marahaba, mwanangu. Nimestaafu baada ya miaka thelathini na kitu katika chumba cha patholojia, kazi yangu ikiwa kukata tishu. Ninaona mmefika kwenye saa na hesabu bila kuuliza ile tezi ilikaa wapi kwa miaka karibu hamsini.

Daktari anapokata kipande cha tezi, kinatumbukizwa kwenye formalini kisioze, kinakaushwa maji kwa spiriti, kisha kinamiminiwa nta ya parafini iliyoyeyushwa. Ikiganda unapata kijitofali kidogo, cheupe kama kipande cha mshumaa, chenye doa la kahawia katikati, na pembeni namba iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi. Fundi anakifunga kwenye mikrotomu na kukata utando mwembamba kuliko karatasi ya sigara, anauelea juu ya maji ya uvuguvugu unyooke, anauopoa kwa kioo. Daktari akishasoma kioo, kijitofali kinarudi kwenye kasha, na hapo ndipo kinaposahauliwa. DRC60 ilikuwa kijitofali cha namna hiyo, kilichohifadhiwa Kinshasa na watu ambao hakuna aliyewahi kuwasikia. Nta ilitunza tishu, lakini dawa ya kuhifadhia, iliyokuwa na formalini ndani yake, ilikuwa imekwisha kuharibu nyuzi za vinasaba, kwa hiyo walichopata ni vipande vifupi vifupi, ambavyo iliwapasa kuviunga kama mtu anayeunga barua iliyochanwa.

Baadaye kikundi hichohicho na washirika wake walichunguza tishu zaidi ya 1,600 za Afrika ya Kati za kati ya 1958 na 1966, wakapata moja tu yenye kirusi, ya mwanamume wa mwaka 1966. Kutoka hiyo moja walisoma jenomu karibu yote, na makala ikatoka 2020. Zaidi ya elfu moja na mia sita kwa moja! Mjomba wako aambiwe hiyo ndiyo hesabu yenyewe.

Nina sababu ya kulisema hili kwa uchungu. Hospitali niliyofanyia kazi, ambayo sitaitaja, ilihamisha stoo yake mwaka mmoja wa mvua nyingi. Makasha ya miaka ya sitini na sabini yaliwekwa barazani "kwa muda", maji yakapanda, namba za kalamu ya risasi zikabaki lakini lebo za makasha zikaoza, na mkuu wa stoo akaamuru yachomwe kwa kuwa hakuna aliyejua kilichomo. Nta inawaka vizuri sana. Tulisimama pale tukiangalia.

Mtoto_wa_Kisangani alijibu:

Nawasalimu wote. Mimi ninaandika kutoka Kisangani, na ningependa kuongeza upande wa msitu, kwa sababu kazi ya Worobey imepita hapa kwetu kabla haijafika kwenye zile tezi.

Mwishoni mwa miaka ya tisini kulikuwa na dhana iliyopata wafuasi wengi, kwamba UKIMWI ulitokana na chanjo ya polio ya matone, ile iliyoitwa CHAT, ambayo kati ya 1957 na 1960 ilitolewa kwa watu wengi katika Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi. Dhana ilisema chanjo hiyo ilitengenezwa kwa seli za sokwe waliofugwa kambini Lindi, karibu na mji wetu ambao wakati huo uliitwa Stanleyville. Wazee hapa bado wanaikumbuka kambi hiyo. William Hamilton, mwanabayolojia mashuhuri wa Oxford, aliona dhana hiyo inastahili kupimwa badala ya kubezwa, akaja huku kukusanya kinyesi na mkojo wa sokwe. Safari yake ya mwisho, mwanzoni mwa mwaka 2000, vita vikiwa bado vinaendelea, alikuja na Worobey, kijana aliyekuwa akisoma shahada ya uzamivu. Hamilton alirudi Uingereza akiwa na malaria na akafariki mwezi Machi mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 63.

Ninawaomba muone alichokifanya yule kijana baada ya hapo. Angeweza kuiacha dhana ya marehemu mzee wake ikae kwa heshima. Aliendelea kuipima, na mwaka 2004 yeye na wenzake walionyesha kwamba sokwe wa eneo la Kisangani kweli wana kirusi cha jamii hiyo, lakini kiko kwenye tawi lililo mbali na VVU vya binadamu. Babu wa VVU vilivyoenea duniani yuko kwa sokwe wa upande wa magharibi, na kikundi cha Beatrice Hahn kilimfuatilia hadi kusini-mashariki mwa Kamerun mwaka 2006. Dhana ya chanjo ikaanguka, tena kwa ushahidi uliotoka kwenye msitu uleule iliokuwa ikiutegemea.

Kwa dada wa Tanzania: hao sokwe wa tawi la mashariki ni ndugu wa sokwe wenu wa Gombe, Kigoma. Huko nako kirusi chao kilipatikana kwa kuokota kinyesi chini ya miti, bila kumchoma sokwe hata sindano moja, na mwaka 2009 ikathibitika kwamba sokwe walioambukizwa hufa mapema kuliko wenzao. Kwa hiyo swali lako la kompyuta, maabara au porini, jibu lake ni kwamba mtu huanza na kijiti na kichupa chenye dawa ya kuhifadhia.

Tomaso_Mbishi alijibu:

Nimewasoma kwa makini na ninawaheshimu, lakini mimi bado nina mashaka. Mwaka 2000 kikundi cha Bette Korber kilisema 1931. Mwaka 2008 ikawa 1908. Mwaka 2014 makala nyingine, ya watafiti wengine, ikasema 1920 na kuongeza habari za reli za Kongo. Je, fundi saa akikuambia saa tatu, kisha saa moja, kisha saa mbili, utampa tena saa yako? Na huyuhuyu Worobey mwezi Mei 2021 alitia saini barua ya wanasayansi 18 iliyotaka dhana ya ajali ya maabara kuhusu UVIKO-19 ichunguzwe kwa uzito, halafu mwaka 2022 akaongoza makala inayosema chimbuko ni soko la Huanan, Wuhan. Tumfuate yupi?

Pwani_Takwimu alijibu:

Kaka Tomaso, swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, maana linajijibu ukiandika namba zote. Makadirio ya mwaka 2000 yalikuwa 1931, kati ya 1915 na 1941. Ya 2008 yalikuwa 1908, kati ya 1884 na 1924. Ya 2014 yalikuwa 1920, kati ya 1909 na 1930. Chora mistari mitatu kwenye karatasi. Yote mitatu inapita kati ya 1915 na 1924. Fundi saa wako hakusema saa tatu. Alisema "kati ya saa moja na saa tano", na magazeti yakakata maneno.

Ile ya 2014 haikuongeza reli kwa mapambo. Waliichora miti ya ukoo wa kirusi pamoja na miji, wakaona kinatoka Kinshasa kuelekea Mbuji-Mayi na Lubumbashi, yaani njia ileile ya treni, ambazo mwishoni mwa miaka ya arobaini zilipitisha Kinshasa watu zaidi ya milioni moja kwa mwaka.

Ukitaka kuipiga saa hii mahali inapouma, nitakupa fimbo mwenyewe. Mwaka 2009 Worobey na mwenzake walitumia saa hiyohiyo kwa virusi vya sokwe na nyani, ikawapa umri wa miaka mia chache tu. Mwaka uliofuata yeye na wenzake walichunguza nyani wa kisiwa cha Bioko, ambacho bahari ilikitenga na bara yapata miaka 10,000 iliyopita. Nyani wa kisiwani walikuwa na virusi vilivyo ndugu na vya bara, maana yake virusi vilikuwamo kabla bahari haijapanda. Hesabu mpya ikatoa umri usiopungua miaka 32,000. Saa inayosema kweli kwa miaka mia moja ilikuwa imedanganya vibaya kwa miaka elfu, kwa kuwa katika muda mrefu makosa mapya huandikwa juu ya makosa ya zamani na kuyafunika, na aliyelitangaza ni mmoja wa wale waliokuwa wameitumia. Kuhusu Wuhan, wapo wanaoendelea kuipinga makala ya 2022, na ni haki yao; lakini mtu aliyesema "tuchunguze", akaenda kuchunguza ramani ya wagonjwa wa kwanza, akarudi na jibu alilopata, mimi simwoni kigeugeu.

Mshauri_Nasaha alijibu:

Naomba niingie kidogo, kwa kuwa mimi ni muuguzi wa kliniki ya tiba na matunzo na sina elimu ya jenomu. Mjomba wa huyu binti asema ni hesabu zisizotibu mtu. Ninamkumbusha Gaëtan Dugas, mhudumu wa ndege raia wa Kanada aliyefariki 1984, ambaye kwa miaka mingi alitajwa kuwa ndiye "mgonjwa sifuri" aliyeileta UKIMWI Marekani. Kwenye jalada la uchunguzi alikuwa ameandikwa kwa herufi O, yaani mtu wa kutoka nje ya California, na watu wakaisoma O kuwa sifuri. Mwaka 2016 kikundi cha Worobey kilisoma jenomu nane kutoka damu iliyohifadhiwa mwaka 1978 na 1979, pamoja na ya Dugas mwenyewe, na kirusi chake kikaonekana kiko katikati ya matawi, wala hakikuwa shina. Kirusi kilikuwa kimeingia New York karibu na 1970, kikitokea Karibiani.

Kila wiki napokea mgonjwa ambaye familia imemwita "aliyetuletea". Siwezi kumsomea makala, lakini nimewahi kumwambia mama mmoja kisa cha ile herufi O, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza kama ndugu wa yule kijana waliombwa radhi.

Binti_Rungwe alijibu:

Nawashukuru sana, sikutarajia darsa kama hili. Nimemsomea mjomba maelezo ya Mzee wa Darubini kwenye simu. Hakusema amekubali, ila aliuliza mikrotomu siku hizi ni bei gani. Sasa naomba mniambie: mtu wa kwetu aanzie wapi? Ninaogopa kwamba vimelea vyote vikubwa vimekwisha kusomwa na watu wa mbali.

Pwani_Takwimu alijibu:

Havijaisha, dada. Angalia kifua kikuu cha Temeke. Mwaka 2023 ilichapishwa kazi ya Watanzania na Waswisi, Taasisi ya Afya Ifakara ikiwamo, waliosoma jenomu za vimelea kutoka kwa wagonjwa zaidi ya 1,000 wa Dar es Salaam. Wengi wetu tungedhani kifua kikuu cha mjini ni cha asili ya hapahapa, lakini sehemu kubwa ilitokana na vimelea vilivyoingia kutoka nje katika miaka 300 hivi iliyopita, na tawi lililofanikiwa zaidi lilitokea upande wa Asia. Mtu aliyekulia mwambao anayejua majahazi ya kaskazi yalibeba nini na lini, ataisoma picha hiyo kwa jicho ambalo mgeni hana. Ila jiandae kwa subira: bakteria huyo ana herufi milioni 4.4 na hukosea herufi moja tu kila miaka miwili au mitatu.

Au tazama Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu Kivu Kusini, ambako kuanzia Septemba 2023 mpox ilienea na jenomu zake zikaonyesha tawi jipya lililopewa jina Ib, likiwa na aina ya makosa yanayosababishwa na kinga ya binadamu, dalili kwamba lilikuwa likipita mtu kwa mtu. Ugunduzi huo ulifanywa na watafiti wakiwamo wa hukohuko Kongo.

Kwa vitendo: jifunze takwimu kabla ya programu yoyote, kisha amri za Linux na lugha moja ya kompyuta kati ya R na Python. Mifuatano ya ZR59 na DRC60 iko wazi kwenye hazina za umma, ipakue, ipange sambamba na uhesabu tofauti kwa macho yako kabla ya kuiachia kompyuta. Usikimbilie kuchora mti.

Mzee_wa_Darubini alijibu:

Nami naongeza la mwisho. Hospitali ya mkoa iliyo karibu nawe huenda ina stoo ya patholojia. Andika barua kwa mganga mfawidhi kupitia chuo, na uliza pia habari ya kibali cha maadili, maana kila kijitofali ni mwili wa mtu. Ukiruhusiwa kuingia, usiguse makasha kwanza. Omba daftari la mapokezi, lile kubwa lenye jalada gumu, upige picha kurasa zake zote, kwa sababu kijitofali bila mstari wake kwenye daftari ni mshumaa tu. Halafu angalia makasha yamewekwa juu ya nini. Kama yako sakafuni, tafuta mbao na uyainue siku hiyohiyo, hata kama utachelewa basi.